Naomba ushauri: napima kelele za injini ya ndege kwa kompresa ya fundi pancha

Habari wakuu. Nipo mwaka wa mwisho, uhandisi mitambo, na mradi wangu ni kupunguza kelele za injini za ndege. Mliopanda Dreamliner ya Air Tanzania mtakuwa mmeona yale meno kama ya msumeno nyuma ya injini. Si urembo: yanasaidia hewa inayotoka kwa kasi ichanganyike vizuri na ya nje, mngurumo upungue. Mwanahisabati Mwingereza James Lighthill alionyesha mwaka 1952 kwamba nguvu ya kelele ya mkondo wa hewa hupanda kwa kipeo cha 8 cha kasi yake. Yaani kasi ikishuka nusu, nguvu ya kelele inapungua mara 256!

Nimechongesha nozeli (midomo ya kutolea hewa) mbili za shaba, moja ya meno, nikazifunga kwenye kompresa ya fundi pancha wa mtaani. Balaa ni kwamba kompresa yenyewe inapiga kelele kuliko nozeli, na banda la bati linarudisha mwangwi.

Je, nijaze tangi, nizime mota ndipo nipime? Presha si itakuwa inashuka? Na maikrofoni ya simu inatosha, au niazime kipima sauti? Msimamizi anataka matokeo Ijumaa.