Kaka ana uvimbe wa ubongo, familia inataka dawa ya kupambana na virusi. Naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Niko Newala, Mtwara. Kaka yangu, miaka 52, alianza kuumwa kichwa kila alfajiri na kutapika. Tukahangaika na malaria mpaka mkono wa kushoto ukalegea. Dar wamempasua, majibu ya kipimo cha kinyama kilichotolewa yakasema glioblastoma, saratani kali ya ubongo, daraja la 4. Sasa yuko kwenye mionzi na vidonge vya saratani vya temozolomaidi.

Mpwa wangu kasoma mtandaoni kwamba uvimbe huu unaletwa na kirusi cha saitomegalo (CMV), basi shemeji anataka tuuze korosho zote tununue valigansiklovia, dawa ya kupambana na kirusi hicho. Nami nimesoma. Ni kweli mwaka 2002 Charles Cobbs na wenzake, Marekani, walitangaza kukikuta kirusi hicho ndani ya uvimbe. Ila maabara nyingine zilitafuta zikatoka kapa. Sweden waliijaribu dawa hiyo kwa wagonjwa 42, na matokeo ya 2013 hayakuonyesha tofauti ya maana katika ukubwa wa uvimbe. Halafu kirusi chenyewe watu wazima wengi tunacho, kimelala tu! Kipimo cha damu kitatuambia nini?

Kinachonitisha zaidi: dawa hiyo hushusha chembe za damu, na temozolomaidi nayo hivyo hivyo.

Aliyewahi kuuguza mgonjwa wa namna hii, daktari wake alisemaje? Na shemeji nimwambieje asinione nabania korosho?