Ruta ya pili imeishika WiFi ya sebuleni, ila kompyuta ya fremu haipati intaneti

MamaSteshenari
Habari zenu wakuu. Nina kifremu cha steshenari mbele ya nyumba, huku Kihonda, Morogoro. Ruta ya faiba iko sebuleni, fremu iko getini, kama hatua 30 hivi. Nikisimama mlangoni simu inashika mistari miwili, lakini kompyuta yangu ya mezani haina WiFi kabisa. Hadi leo naichomekea simu kwa waya wa USB, kwa hiyo mwanafunzi akija kuchapa matokeo, bando linaloliwa ni langu.

Kabatini nimekuta ruta ya zamani, TP-Link TL-WR841N. Nimewasha WDS (ya kuunganisha ruta mbili bila waya), nikabonyeza "Survey", ikaiona ya sebuleni, nikaweka paswedi, imekubali. Kompyuta nimeichomeka kwenye tundu la njano. Alama ya mtandao ipo, kurasa zote zinagoma. Nikachungulia IP (anwani ya mtandao) ya kompyuta: 192.168.0.100. Ruta ya sebuleni huwa naingia kwa 192.168.1.1. Nimekosea wapi?

FundiAntena
Mama, jibu umeshaliandika mwenyewe. Hiyo 0.100 umepewa na ruta ya fremu, si ya sebuleni. Bado inajiona bosi: inagawa anwani zake na kuiambia kompyuta "pitia kwangu", wakati yenyewe haina pa kutokea. Tundu la buluu, la kuingizia intaneti kwa waya, liko tupu, na uliache tupu hivyo hivyo.

Anza na anwani ya LAN (mtandao wa ndani) ya hiyo ruta ya fremu, iwe 192.168.1.2. Ikishawaka tena, ingia kwa anwani mpya, hakikisha WDS haijajizima, ndipo uzime DHCP, ile inayogawa anwani. Usigeuze mpangilio. Ukitangulia kuzima DHCP, kompyuta itachukua anwani ya sebuleni na 192.168.0.1 hutaifikia tena, utaishia kutafuta pini ya kuireseti. Hilo limenikuta mimi, tena mbele ya mteja.

Halafu chaneli, yaani njia ya hewani ambayo ruta inarushia. Ya sebuleni usiiache ijichagulie, kwa sababu ikihama, daraja la ruta hizo mbili linakatika. Chagua 1, 6 au 11, na ruta zote mbili ziwe hapo hapo.

Kijiti
Hatua 30 tu! Vuta waya, dada. Waya wa mtandao unafika mita 100, pitisha kwenye paipu, umemaliza. WDS haina kanuni moja kwa makampuni yote. Ruta za aina mbili zikikataa kuelewana, hata ukeshe.

MamaSteshenari
Kijiti, uwanja wote umepigwa sakafu na mwenye nyumba hataki kuona hata msumari. Nilimwomba ruhusa ya kubandika bango tu, tukazungumza wiki mbili.

FundiAntena, Mungu akubariki. IP sasa ni 192.168.1.23 na kurasa zinafunguka. Ila kuna kioja: jioni inakwenda vizuri, asubuhi wateja wakijaa inasuasua mpaka inakata. Chaneli ni 6 kote. Je, ni simu za wateja? Nimewapa WiFi ya fremu ili wanitumie mafaili.

FundiAntena
Simu zinachangia. Ruta hiyo ina redio moja, inapokea na kurusha kwa zamu, kwa hiyo anayetumia WiFi yake anapata kama nusu ya kasi. Kompyuta iliyo kwenye waya haikatwi nusu hiyo, ila foleni ya hewani ni ile ile. Lakini kukata kabisa, tena asubuhi tu? Kati ya sebule na fremu kuna nini?

MamaSteshenari
Ukuta, mwembe, na tenki la maji la lita 2,000. Maji kwetu hutoka usiku.

FundiAntena
Basi ni tenki! Maji yanameza mawimbi ya 2.4 GHz vibaya sana. Asubuhi limejaa, jioni mmeshafua na kupika, limebaki nusu. Ipandishe ruta ya fremu, mawimbi yapite juu ya tenki.

MamaSteshenari
Nilicheka, nikadhani unanitania. Leo saa 1 asubuhi kijana wangu kaiweka kwenye ubao juu ya dirisha, pale karibu na dari. Nikaenda kugonga tenki kwa ufunguo: limejaa mpaka juu. Nimerudi, nimechapa kurasa 40 za mtu wa chuo moja kwa moja kutoka kwenye barua pepe yake, haijakata hata mara moja.