Nimeuziwa siga feki kwa bei ya nguruwe mzima, nikaaibika mbele ya baba yangu aliyelima tumbaku miaka 33

Wakuu, mtanisamehe uandishi, bado nina hasira. Nimekaa na hili jambo siku nne nikidhani litapoa. Halijapoa.

Kuna duka hapa Dar, silitaji jina, liko ndani ya jengo la watu wenye hela zao, linauza mvinyo, wiski na siga. Siga nasema ile sigara nene ya majani matupu isiyo na karatasi. Tarehe 20 Desemba niliingia pale nikatoa shilingi 760,000 taslimu kwa siga mbili za Kuba aina ya Cohiba Espléndidos, 380,000 kila moja. Nguruwe tuliyemchoma nyumbani Urambo, mkoani Tabora, siku ya Boxing Day tulimnunua 370,000. Siga moja ilimzidi bei nguruwe aliyelisha watu zaidi ya arobaini.

Na sikuumia kuitoa hiyo hela. Nilidunduliza tangu Juni kwa sababu moja, naye ni baba.

Mzee wangu alianza kulima tumbaku 1978, akaacha 2011 mgongo ulipokataa. Wanaotoka Urambo, Kaliua au Sikonge wanajua bani ni nini. Kwa wasiojua, ni kile kijumba cha tofali cha kukaushia tumbaku kwa moto wa kuni. Jani linafungwa kwenye fito, linaning'inizwa humo ndani, joto linapandishwa kidogo kidogo karibu wiki nzima, usiku na mchana. Ukipitiwa na usingizi moto ukazima, au ukazidi, jani limeharibika, na siku ya soko mteuzi atakushusha daraja hadi ushindwe hata kulipa mkopo wa mbolea. Baba alikuwa analala kwenye mkeka mlangoni mwa bani. Mimi na dada yangu tulikuwa tunampelekea uji saa kumi na moja alfajiri na kumkuta macho mekundu kwa moshi. Ada yangu ya shule imetoka kwenye ule moshi, sare zangu pia, na nauli iliyonileta Dar.

Fidel Castro, kiongozi wa Kuba, alipokuja nchini Machi 1977 baba alikuwa kijana, akamwona kwenye picha za magazeti. Baadaye akaona nyingine, Castro na siga mdomoni, na tangu hapo ana swali lake moja: hawa watu wa Kuba wanalifanyia nini jani mpaka linakuwa vile? Nimelisikia hilo swali utotoni mwangu kote. Nilipokua nikasoma, nikamweleza kwamba wao hawatumii moto, jani linakauka lenyewe kwenye banda lenye kivuli na hewa, kisha linarundikwa lichachuke kwa muda mrefu, na kwamba hata wao wanatenganisha majani ya chini, ya kati na ya juu ya mmea kama yeye alivyokuwa akitenganisha. Akafurahi sana. Akasema siku moja angependa kulionja. Cohiba nilichagua kwa makusudi. Ilianza kutengenezwa 1966 kwa ajili ya Castro mwenyewe na zawadi za serikali yake, watu wa kawaida wakaanza kuuziwa 1982. Nilitaka baba avute siga ya jina lilelile alilovuta Castro.

Sasa niwape siku yenyewe.

Afisa mifugo alikuja jioni ya Krismasi akampima nguruwe, akaangalia na ulimi kama kuna malengelenge ya tegu, maana kwetu hatuchezi na hayo, na homa ya nguruwe haina dawa. Saa kumi na moja alfajiri tukachinja, tukamwagia maji ya moto, tukamparua mpaka akawa mweupe. Shemeji yangu alikuwa amechimba shimo nyuma ya nyumba, karibu na mwembe, tukajaza makaa ya mti wa mtundu. Tukampitisha kwenye bomba la chuma mzima mzima, tumboni tumeshindilia vitunguu saumu, ndimu na mchaichai. Wachaga wana ndafu yao ya mbuzi, sisi mwaka huu tulisema ndafu yetu iwe kitimoto. Kuanzia saa moja asubuhi tulipokezana kumzungusha. Mvua ya Desemba ilitishia saa nne tukaweka mabati, ikapita pembeni. Saa tisa hivi ngozi ikaanza kulia, unaisikia kabisa inapasuka pa, pa, mafuta yakidondoka kwenye makaa. Dada akaanza kupaka asali ya Tabora, ile nyeusi ya msituni.

Hapo ndipo nilipopanga tuvute. Nguruwe alikuwa amebakiza saa moja na nusu, na siga ya ukubwa ule inaenda muda huohuo. Nikaweka viti viwili upande upepo unakoelekea, mbali na wajukuu na mbali na nyama. Watu wote wakanyamaza, maana walijua hiyo hadithi. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi aje aone.

Nilimkatia kofia ya siga, ile ncha iliyozibwa, nikamuwashia kwa kiberiti, siyo kwa kaa la nguruwe, ili isichanganyike na harufu ya mafuta. Akavuta mara moja. Akaitoa mdomoni, akatema kipande cha jani. Akavuta tena, akatema tena. Nikawasha yangu. Wakuu, ilikuwa inanuka gunia linaloungua! Ulimi ukaanza kuwaka. Moto ukala upande mmoja, upande wa pili mbichi kabisa. Majivu yakadondoka kama unga kwenye shati jeupe la mzee alilolivaa kwa ajili ya siku hiyo, na siga ya kweli majivu yake hushikana, unaweza kukaa nayo muda mrefu hayajadondoka, kwa sababu ndani ni majani marefu yaliyokunjwa, yanaanzia mwanzo mpaka mwisho wa siga.

Kilichoniuma siyo hicho. Baba hakusema kitu. Aliendelea kuishika, akaendelea kuvuta, kwa sababu wakwe walikuwepo, wajukuu walikuwepo, na hakutaka mwanawe aaibike. Mzee wa miaka 74 anakohoa, anatabasamu, anavuta takataka ili kunisitiri mimi.

Nilivuta kama dakika kumi nikaizima. Ndipo naye akaiweka juu ya jiwe, akaomba kisu. Akaipasua kwa urefu kama anavyopasua muhogo, akaitandaza kwenye sahani ya bati. Ndani hakukuwa na jani zima hata moja. Ni vipandevipande, vingine vidogo kama punje za mchele, na mishipa mikavu ya katikati ya jani, ile tunayoitupa. Akachukua kidogo akasugua kati ya vidole, akanusa. Akasema kwa sauti ya chini, nadhani ni mimi na shemeji tu tuliosikia: "Mwanangu, hii ndiyo tuliyokuwa tunafagia ghalani."

Akanigonga goti, akainuka, akaenda kuangalia nguruwe.

Nguruwe alikuwa mtamu kupita maelezo, watu walikula mpaka usiku, hilo namshukuru Mungu. Mimi sikula. Nilikaa na ile sahani.

Sasa kwa huyo muuzaji. Uliniambia bei imekuwa kubwa kwa sababu tangu 2022 Cohiba zimepanda dunia nzima. Hilo ni kweli, nilishalisoma, na ndiyo maana nilikuamini! Ulichukua ukweli mmoja ukaufungia uongo ndani yake. Ulizitoa kwenye kasha lenye kifuniko cha kioo ukaniambia ni toleo maalumu. Niliporudi kutoka Urambo nikakesha kwenye intaneti: kasha la kawaida la Cohiba halina kifuniko cha kioo. Kasha la kweli lina stika ya dhamana ya serikali ya Kuba, ya kijani na nyeupe, ni sheria yao tangu 1912, na chini limechomwa mhuri kwa moto, pamoja na alama ya kiwanda, mwezi na mwaka. Lako halikuwa na chochote chini. Kwenye ile pete ya karatasi inayozunguka siga viboksi vyeupe vinatakiwa vipangike kwa mistari kamili, vyako vimekatwa nusu ukingoni. Nililo nalo hapa ni pete mbili, na zenyewe hazifanani. Ile yangu nilikuwa nimeipima kwa rula ya mwanangu kabla ya kuiwasha, tukiwa tunapiga picha: milimita 171. Espléndidos ni 178. Mtu anaibiwa milimita saba mchana kweupe na anasema asante.

Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na sehemu ya kosa ni yangu, ningesoma kabla. Lakini kwa nini mnunuzi ndiye awe mtaalamu? Duka lina leseni, lina risiti, lina kijana amevaa tai anakuambia "mzee wako atafurahi sana". Nilimweleza kijana yule ni zawadi ya nani. Nilimweleza baba alilima tumbaku. Alijua anayekwenda kuvuta ile kitu ni nani, akanifungia kwenye mfuko wa karatasi wenye utepe.

Juzi nilirudi dukani na sahani ya bati, mabaki na risiti. Meneja alisema bidhaa ikishafunguliwa na kutumika hairudishwi. Nikamuuliza siga isiyofunguliwa na kuwashwa nitaijuaje kama ni feki? Akasema yeye analetewa na msambazaji, hausiki. Nikaomba jina la msambazaji, akasema ni siri ya biashara. Nikaomba nione kasha, likawa "limeisha".

NYONGEZA, saa 3 usiku: Nimesoma majibu yenu. Wanaosema tumbaku inaua, nakubaliana nanyi, siga pia ina saratani yake ya mdomo na koo, na mimi si mvutaji. Mzee naye aliacha sigara 1996. Ilikuwa mara moja, akiwa na akili zake timamu, na watoto wamewekwa mbali. Na kama tumbaku halisi ina madhara, basi hebu fikirini ile ambayo hakuna anayejua imeokotwa wapi na imepakwa nini. Baba amekohoa siku mbili.

Aliyesema kwa hela ile ningemnunulia mzee mbuzi watano: baba anao mbuzi. Alichokuwa hana ni jibu la swali lake, na bado hana.

Ninachohitaji ni hiki. Najua Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia. Kuna mtu humu amewahi kupeleka lalamiko la kitu kimoja kimoja kama hiki, siyo kontena? Walimsikiliza? Wanataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, tu au na sampuli? Nina risiti, nina pete mbili, nina kipande kimoja ambacho hakijapasuliwa, nimekifunga kwenye nailoni na kukiweka kabatini. Na kama kuna mkuu yuko Havana, au anakwenda, mwenye uwezo wa kuninunulia moja tu ya kweli na risiti yake, aje PM, kwa ujumbe wa faragha. Mzee nimempigia leo, ameniambia niache, yameisha. Nimemwambia bado.