Tupeane uzoefu: pete ya uchumba ya mtindo wa kale, nini cha kukagua kabla hujalipa

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni wa wanaotaka kumvisha mchumba pete yenye sura ya zamani: nakshi pembeni, kito chenye mkato wa kizamani, mkanda mwembamba uliopambwa. Swali hili linarudi kila mara na majibu mengi huishia "tafuta sonara mzuri". Hapa tusemezane kwa vipimo. Mafundi, wauza vito na wapimaji, mwageni mnachokijua. Hadithi za posa tuziwekee uzi wake.

Nianze na jambo moja. Kuna pete ya kale halisi, iliyokuwa kidoleni mwa mtu miaka 80 au 100 iliyopita, na kuna pete mpya iliyotengenezwa kwa mtindo wa kale. Ya kwanza unaikagua uchakavu, ya pili unaikagua ufundi. Muuzaji asiyetaka kukuambia ni ipi kati ya hizo, achana naye.

Mchora_Pete

Chagua enzi kwanza, kito kije baadaye. "Ya kizamani" si mtindo mmoja, na pete nyingi za kuagiza huharibika kwenye mchoro tu, pale mteja anapotaka maua ya enzi moja, pembe za enzi nyingine na almasi ya leo katikati.

Enzi ya Malkia Victoria, 1837 hadi 1901, ni dhahabu njano, maua, mioyo, vito vya rangi. Albert alimpa Victoria pete ya nyoka yenye zumaridi mwaka 1839, na nyoka akawa alama ya penzi lisilokatika. Almasi za wakati ule zilikatwa kwa mkono: mraba wenye pembe zilizolegea, sehemu ya juu ndefu, uso mdogo, na ncha ya chini iliyokatwa bapa. Ukiitazama kutoka juu unaona kiduara katikati, kama tundu la sindano. Watu huirudisha wakidhani ni kasoro, kumbe ndicho kitambulisho cha mkato huo. Haimwagi cheche nyingi ndogo kama almasi ya leo. Inatoa mabaka mapana ya mwanga, na kwenye taa ya njano usiku ndipo inapopendeza hasa.

Kuanzia 1901 mpaka karibu na Vita Kuu ya Kwanza ni wakati wa platinamu. Madini haya huyeyuka kwenye nyuzi 1,768 za Selsiasi, wakati dhahabu huyeyuka kwenye 1,064, hivyo yalihitaji moto mkali wa gesi na oksijeni ndipo masonara wakayazoea. Kwa kuwa ni imara hata yakiwa membamba, pete za wakati huo zimetobolewa kama lesi, na kingo zake zina punje ndogondogo zilizopangana.

Kisha ikaja Art Deco, jina lililotokana na maonyesho ya Paris ya mwaka 1925: mistari iliyonyooka, ngazi, almasi za mstatili, vipande vya yakuti ya bluu vilivyokatwa kutoshea mchoro. Miaka ya 1940 dhahabu njano na nyekundu zikarudi kwa nguvu, maana wakati wa vita Marekani iliizuia platinamu kwa mahitaji ya jeshi.

Almasi ya duara tuliyoizoea leo inafuata vipimo alivyovichapisha Marcel Tolkowsky mwaka 1919. Ukiiweka ndani ya fremu ya Victoria, jicho litakataa hata kama mtu hajui sababu. Agiza mkato wa kale. Siku hizi unakatwa upya, kwa almasi za ardhini na za maabara pia.

Fundi_Nta

Mchora_Pete kasema vizuri. Mimi nashika upande wa madini na unene, kwa sababu hapo ndipo pete za mtindo huu zinapokufa.

Mteja anataka wembamba wa kwenye picha. Sawa, lakini chini ya kidole mkanda usipungue upana wa milimita 2 na unene wa milimita 1.5; ukiweza fika 1.7. Pete ya mkanda wa milimita 1 inapinda kwa kushika tu ndoo, na mkanda ukipinda, vito vidogo vya mabegani vinaanza kuachia kimoja kimoja. Makucha yanayoshika kito cha katikati yawe na unene wa kuanzia milimita 0.8. Vito vidogo vya kuzungushia visishuke chini ya kipenyo cha milimita 1. Almasi ya milimita 1.3 ina uzito wa karibu karati 0.01, na hiyo inashikika vizuri.

Ule ukingo wa punje, ukitaka kujua sonara wako ni wa aina gani, muulize anaufanyaje. Jibu zuri ni hili: vito vinapachikwa kwanza, kisha kigurudumu kidogo chenye vishimo kinapitishwa kwa mkono juu ya ukingo, kikibonyeza punje moja baada ya nyingine. Ukingo wenyewe uwe na upana wa karibu milimita 0.5 ili kigurudumu kipate pa kukanyaga. Njia ya mkato ni kuzichora punje kwenye mfano wa nta wa pete, kisha kumimina madini kwenye ukungu wake. Zikitoka zinaonekana, lakini brashi ya kung'arishia ikipita zinakuwa kama mchanga uliolowa. Ziangalie kwa lenzi: ya mkono ina punje za mviringo zilizotengana, ya kumimina ina vilima vilivyoshikana.

Kuhusu uzito, usikubali makadirio ya mdomo. Mfano wa nta ukishatengenezwa unapimwa. Zidisha uzito wa nta kwa 15.5 kupata dhahabu njano ya karati 18 (hapa karati ni kiwango cha usafi wa dhahabu, si uzito kama kwenye vito), kwa 13 kupata karati 14, kwa 21.4 kupata platinamu. Nta ya gramu 0.28 inatoa pete ya karibu gramu 4.3 ya karati 18, kabla ya kupolishi.

Wengi huleta bangili ya bibi ya karati 22 iyeyushwe. Ni jambo zuri na lina maana kwa familia, ila fanyeni hesabu pamoja: gramu 10 za karati 22 zina dhahabu safi gramu 9.17, na hizo zikishushwa hadi karati 18 zinatoa gramu 12.2. Tatizo ni lehemu. Bangili iliyowahi kulehemiwa ina zinki, na kama ni ya zamani, pengine kadimiamu. Ukiimimina hivyo hivyo, dhahabu inakuwa na vitundu na inavunjika kwenye kona nyembamba. Isafishwe kwanza irudi kuwa dhahabu tupu, kisha ichanganywe upya. Na kadimiamu ina moshi wa sumu. Fundi asiiyeyushe ndani ya chumba kilichofungwa.

Dhahabu nyeupe, jihadhari. Weupe unaouona ni rodiamu, metali nyeupe iliyopakwa juu. Kwa kuvaa kila siku huchakaa ndani ya mwaka mmoja au miwili na njano hafifu inachungulia. Kila unapopaka upya, lazima kung'arisha kwanza, na kila kung'arisha kunakula nakshi. Kwa pete yenye nakshi nyingi ni afadhali platinamu, au dhahabu njano inayojivunia rangi yake.

Dada_wa_Vito

Kaka zangu, msikimbilie almasi peke yake. Pete za kale zilijaa vito vya rangi, na vingine vizuri mno vinachimbwa hapa kwetu. Kinachoamua ni ugumu na matumizi ya mkono.

Yakuti ya bluu na nyekundu ina ugumu wa 9 kwenye kipimo cha Mohs (almasi ni 10), inavaliwa kila siku bila wasiwasi. Bonde la Umba mkoani Tanga lina yakuti za rangi zisizo za kawaida, za chungwa na zambarau. Spineli ina 8, na ile ya Mahenge, ya waridi inayowaka, haihitaji kuchomwa, yaani kupashwa joto kuboresha rangi, ili ipendeze. Tsavoraiti, ganeti ya kijani ya Tanzania na Taita-Taveta, ina kati ya 7 na 7.5, nayo pia kwa kawaida haichomwi. Mawe makubwa ni adimu, kwa hiyo michoro ya vito vitatu vidogo inaifaa sana.

Tanzanaiti tunaipenda sote, lakini lazima niseme wazi: ina ugumu wa 6 hadi 7 na inapasuka ikipigwa. Vumbi la kawaida lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7, hivyo hata kuifuta ikiwa kavu kunaichubua. Ukiitaka kwa pete ya kila siku, izungushiwe ukingo wa dhahabu pande zote badala ya makucha, na ikae chini. Halafu kumbuka ilijulikana mwaka 1967 huko Mererani. Ukiuziwa pete "ya mwaka 1920 yenye tanzanaiti", ama kito kimebadilishwa ama maneno ni ya uongo.

Karati hazilingani kati ya kito na kito. Almasi ya duara ya milimita 6.5 ni karati 1; yakuti ya upana huo huo inazidi karati 1.2 kwa sababu ni nzito zaidi. Nayo almasi ya mkato wa kale ni nene, kwa hiyo karati 1 yake huonekana ndogo kidogo kwa juu. Agiza kwa milimita.

Nunua kwa mwenye leseni na uchukue risiti iliyoandikwa jina la kito, uzito na kama kimechomwa au kujazwa. Rubi, yaani yakuti nyekundu, iliyojazwa kioo inaharibika hata kwa limau.

Mpimaji

Kwa pete ya kale halisi, utaratibu ni huu. Ioshe kwanza, isipokuwa kama nyuma ya kito kumezibwa: pete za kabla ya katikati ya karne ya 19 mara nyingi zina karatasi ya metali chini ya kito, na maji yakiingia rangi inakufa moja kwa moja. Kisha lenzi inayokuza mara 10.

Anza na makucha. Kila ukucha uwe na kichwa cha mviringo kinacholalia kito. Ukiona umekuwa bapa na mwembamba kama karatasi, unahitaji kujengwa upya. Gonga pete taratibu karibu na sikio, kito kilicholegea kinalia. Geuza nyuma ya mkanda utafute mstari wa rangi tofauti: hapo iliwahi kupunguzwa au kuongezwa. Si kosa, ila lehemu yenye vitundu ndipo itakapokatika.

Muhuri nao unasema. Pete ya Uingereza ya miaka ya 1920 mara nyingi imeandikwa 18CT na PLAT. Alama ya kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, na herufi kando yake inataja mwaka. Inayodaiwa ni ya Uingereza ya wakati huo lakini ina "750" au "PT950", alama za usafi za siku hizi, iliyoandikwa kwa leza, uliza maswali zaidi.

Jambo moja linalowashangaza wengi: vipande vya yakuti kwenye pete halisi za Art Deco vinaweza kuwa vya maabara. Verneuil alitangaza njia yake ya kutengeneza rubi mwaka 1902, na masonara wa Ulaya waliitumia bila kuona aibu. Vya maabara vya njia hiyo vina mistari iliyopinda ndani, kama mifereji ya sahani ya santuri. Vya asili vina mistari iliyonyooka. Pete haiwi ya uongo kwa sababu hiyo, ila bei isiwe ya yakuti ya mgodini.

Na kile kipimo cha kalamu kinacholia "almasi" kinapima joto tu. Moisanaiti, kito kingine kinachofanana na almasi, inakipita, na almasi ya maabara haiwezi kukamatwa nacho. Kwa kito kikubwa dai cheti cha maabara ya kupima vito kama GIA au IGI, na ulinganishe vipimo vya milimita na kito chenyewe.

Mgeni_wa_Posa

Shukrani wakuu. Na kama mchumba ni muuguzi, anavaa glavu siku nzima, na nyumbani anakanda chapati, anapaka hina?

Fundi_Nta

Mkuu, hapo kichwa cha pete kisizidi milimita 5 kutoka kidoleni, na makucha yasiwe na ncha. Fikiria mkato wa waridi: chini bapa, juu kuba, unakaa chini kabisa na hauchani glavu. Unameta kwa upole zaidi, lakini ni wa kale hasa.

Unga na hina haviharibu dhahabu, ila vinashindilia ndani ya matundu ya nakshi na kito kinafifia. Avue kabla. Kusafisha: maji ya uvuguvugu, matone mawili ya sabuni ya vyombo, dakika 10, kisha mswaki laini wa mtoto kutokea nyuma. Mashine ya mtetemo isiguse zumaridi wala tanzanaiti. Adui mkubwa ni jiki. Klorini inakula madini yaliyochanganywa na dhahabu, hasa dhahabu nyeupe yenye nikeli, na ukucha unakatika ghafla siku ambayo hakuna aliyeugusa.

Na ikija kutengenezwa, mkumbushe fundi aondoe kito cha rangi kabla ya moto. Tanzanaiti inapasuka. Yakuti inastahimili joto, lakini asidi ya boriki wanayopakia almasi kuikinga inachimba uso wa yakuti.

Mchora_Pete

Nimalizie saizi, maana pete ya nakshi hairekebishiki kirahisi. Azima pete anayoivaa kidole hicho hicho, cha mkono huo huo, upime kipenyo cha ndani kwa kalipa. Milimita 16.5 ni namba 6 ya Marekani, 17.3 ni namba 7, na kila namba ni tofauti ya karibu milimita 0.8. Uzi usitumie, unavutika. Mkanda ukizidi milimita 5 ongeza nusu namba. Kwa wa Pwani, kadiria kwa kidole cha jioni, joto linakivimbisha.

Mwambie sonara aache theluthi ya chini ya mkanda bila nakshi wala vito, ndipo patakapokatwa siku ya kurekebisha. Na pete ya ndoa ichorwe sasa hivi, hata kama itatengenezwa mwakani: ikisugua ukingo wa punje kila siku, punje zinaisha upande huo. Iachwe nafasi ya unywele kati ya pete hizo mbili, au ipindwe ifuate umbo la kichwa.