Naombeni ushauri: mashine ya kupulizia mikorosho imegoma kuwaka na maua yameshatoka

Mwana Kitangari
Habari za humu wakuu. Niko Newala. Hapa nyumbani tuna mashine ya kupulizia, ile ya kubeba mgongoni, tangu juzi imegoma kuwaka. Ilizima ghafla shambani saa saba mchana, na toka hapo navuta kamba mpaka bega linauma. Chujio la hewa nimesafisha, plagi nimeweka mpya, mafuta yapo. Mikorosho imechanua na ubwiri unga nimeshauona kwenye maua, ule weupe kama majivu. Nikichelewa msimu ndiyo umekwenda. Hii ni kabureta? Nitengeneze au ninunue nyingine? Naombeni majibu ya haraka.

Fundi wa Masasi
Kabureta iache kwanza. Funga choki, vuta kamba, kisha fungua plagi uitazame. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki: kagua mpira wa mafuta, chujio dogo lililomo ndani ya tangi na tundu la hewa kwenye mfuniko. Ikiwa imelowa, tafuta moto. Irudishe plagi kwenye kofia yake, igusishe kwenye chuma cha silinda, vuta kamba uone kama cheche ya bluu inaruka. Fanyia mbali na petroli. Lete majibu.

Mama wa Nanyamba
Vijana mnakumbuka dawa maua yakishaungua. Mikorosho umeipogolea? Shamba likiwa kichaka, matawi yamekumbatiana, jua haliingii, hata upulize salfa mifuko kwa mifuko ugonjwa unabaki humo humo. Marehemu mume wangu alikuwa anakata machipukizi ya chini yote kabla maua hayajaanza, maana ubwiri unapenda majani machanga, na hapo ndipo unapoanzia kabla ya kupanda juu. Nenda kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wakuelekeze, wale korosho ndiyo kazi yao.

Mwana Kitangari
Shikamoo mama. Kupogolea nilipogolea. Fundi, plagi imelowa na cheche ipo.

Fundi wa Masasi
Basi sikiliza mkono wako. Ukivuta kamba inakataa kidogo kama zamani, au inakuja tu? Na oili ulichanganya kiasi gani?

Mwana Kitangari
Inakuja laini. Mafuta ni petroli ya kawaida.

Fundi wa Masasi
Petroli sijauliza. Nimeuliza oili.

Mchopa wa Lindi
Fundi ameshika koo 😂

Mwana Kitangari
Siku ile mafuta yaliisha shambani, kijana akaenda kuchukua ya chupa kwa watu wa bodaboda. Yale hayana oili. Lakini mashine iliwaka na ikapiga kazi muda mrefu tu, ndiyo maana sikuona sababu ya kutaja. Hata hivyo kuna mtu nimeshaongea naye, atanipa hela ya mashine nyingine, nitamlipa korosho msimu ukifika. Naona ndiyo njia ya haraka.

Fundi wa Masasi
Ndugu yangu, injini ya bodaboda ina oili yake chini kwenye bloku. Hii ya mgongoni haina. Oili yake yote ni ile unayochanganya na petroli, hiyo ndiyo inayolainisha pistoni, silinda na beringi. Ikikosekana, itawaka na kunguruma vizuri kabisa, huku pistoni inapata moto, inavimba, inakwaruza silinda. Kukwaruza kukizidi upepo unavuja, ndiyo maana kamba imekuwa laini. Fungua ekzosi, ni boliti chache tu, umulike kwa tochi kwenye lile tundu. Vuta kamba taratibu uone ubavu wa pistoni.

Kusini Kwetu
Mimi nabaki kwenye hiyo hela. Huyo mtu ni wa kangomba, wale wanaonunua korosho mapema nje ya mnada, tuseme ukweli. Korosho ingali ua, umeshaiuza kwa bei anayotaka yeye. Mwaka 2018 serikali ilipoamua kununua kwa 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kubeba, watu walikuwa wanaulizwa shamba lako liko wapi. Jirani yangu shamba analo, ila mzigo ulikuwa umeshaondoka kwa mtu wa kangomba. Alikaa barazani akitazama malori yanapita.

Mwana Kitangari
Kaka, wewe unaongea umeshiba. Chama cha msingi kitanilipa baada ya mnada, ubwiri haungoji mnada. Na sijapokea hela bado, tumekubaliana kwa mdomo tu.

Mtoto wa Tandahimba
Jamani hii chai. Mkulima gani wa korosho anapuliza saa saba mchana? Salfa ya unga inapulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ili unga ushike na upepo umetulia. Saa saba unga wote unaenda kwa jirani. Huyu yupo Dar anatunga, kesho utasikia anaomba namba za M-Pesa.

Mchopa wa Lindi
Mimi pia saa saba imenishtua.

Mwana Kitangari
Sijaomba hata shilingi ya mtu. Ilikuwa dawa ya maji, siyo salfa ya unga. Na halikuwa shamba letu, ni kazi ya kulipwa, mwenye shamba alitaka amalize siku ile ile. Mashine ni ya mjomba. Yuko Mtwara mjini kwa matibabu, hajui kama naikodisha. Anarudi wiki ijayo. Sasa mmeelewa kwa nini nataka nyingine haraka?

Mama wa Nanyamba
Mpigie mjomba wako leo. Asiambiwe na watu.

Mtoto wa Tandahimba
Sawa, dawa ya maji nakubali. Weka picha ya pistoni.

Mwana Kitangari
Nimefungua. Ubavu wa upande wa ekzosi una michirizi ya kusimama, kucha inakwama nikipitisha. Ringi moja imeganda, haichezi. Picha hiyo hapo.

Fundi wa Masasi
Nimeiona. Usivute kamba tena. Pistoni na ringi ni za kubadilisha. Silinda mpaka tuione: kama ni alumini ya pistoni tu imeganda juu yake inasafishika, kama imechimbika nayo inabadilishwa. Beringi nitazikagua pia. Bado ni nafuu kuliko mashine mpya, na haihitaji kuuza ua. Ije na kitabu chake, maana kuna zinazotaka oili 1 kwa 25, yaani mililita 40 kwa lita ya petroli, na zinazotaka 1 kwa 50, mililita 20. Oili iwe ya tu-ti (2T), ile ya kuchanganya na petroli, siyo ya gari. Na mikorosho yenu usiiache ikingoja: kodi mashine ya jirani kwa asubuhi moja, upulize salfa kabla jua halijakausha umande.

Mwana Kitangari
Mjomba nimempigia. Ameuliza kwanza kama mikorosho imepulizwa. Kesho nakuja Masasi na basi la asubuhi, fundi. Yule mtu wa hela nimemwambia asubiri.

Kusini Kwetu
Asisubiri. Mwambie hapana.