Tuna darasa la kompyuta Charambe, tumeona tangazo la ruzuku: tusajili NGO kwanza au tuombe kupitia shirika jingine?

Neema wa Charambe

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri wenu, hasa mliowahi kuandika andiko la mradi likapita.

Sisi ni kikundi cha vijana huku Charambe, Mbagala. Mwishoni mwa wiki tunafundisha bure matumizi ya simu janja na kompyuta, kwenye chumba tulichoazimwa na ofisi ya serikali ya mtaa. Wanaokuja wengi ni akina mama: mama lishe, wasusi, wauza samaki wa kukaanga. Hawafuati vyeti. Wamechoka kumpa mtoto wa jirani simu pamoja na namba ya siri ili awatumie hela. Mmoja wao alikuwa mweka hazina wa kikoba. Ukamjia ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", akatuma michango ya wenzake yote. Tangu hapo, kila anayeingia darasani anaanza na somo la kumtambua tapeli kabla ya kubonyeza chochote.

Vifaa ni laptop chache za mtumba na simu zetu wenyewe. Bando tunachangishana. Wamekuja pia ndugu wawili wasioona, na hadi leo hatujajua tuwafundisheje.

Sasa kuna mfuko mmoja wa nje umetangaza ruzuku kwa vikundi vya kijamii, upande wa ujumuishi wa kidijitali (yaani kuwafikia walioachwa nyuma na teknolojia) na ubunifu. Wanataka taasisi iliyosajiliwa, akaunti ya benki kwa jina la taasisi, hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili, na maelezo ya mradi utaendeleaje fedha zikiisha. Sisi tuna cheti cha kikundi kutoka Manispaa ya Temeke, katiba, na akaunti yenye watia saini watatu. Hesabu ziko kwenye daftari, hazijawahi kukaguliwa. Maombi yanafungwa mwezi ujao.

Tukimbilie kusajili NGO, au tuombe kupitia shirika lililokwisha kusajiliwa? Halafu kuna kaka amejitolea kutuandikia andiko kwa asilimia 20 ya fedha tukipata, na anasema lazima tuweke humo aplikesheni ya simu kwa sababu wafadhili wanataka ubunifu. Na bajeti hatujui hata pa kuanzia.

Mdau wa Temeke

Hongereni sana dada, kazi hiyo inahitajika mno huku kwetu.

Usajili wa NGO uko chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, Msajili yupo Wizara ya Maendeleo ya Jamii, na maombi yanafanyika mtandaoni. Unaweza kusajili ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Lakini hata cheti kikitoka wiki ijayo hakitawapa hesabu za miaka miwili, na hapo ndipo mlipofungwa. Kwa awamu hii tafuteni shirika mlezi: shirika lenye hesabu zilizokaguliwa, lipokee fedha kwa niaba yenu, ninyi mfanye kazi. Kabla ya kulitafuta, mwandikieni mfadhili barua pepe mmuulize kama anakubali utaratibu huo. Matangazo mengi yana anwani ya maswali na watu hawaitumii.

Usajili wenu wenyewe uanzeni sambamba, kwa utulivu. Na msishawishiwe kwenda kufungua kampuni yenye ukomo wa dhamana (ile isiyo na hisa) kama njia ya mkato. Mabadiliko ya sheria ya 2019 yaliyataka makampuni ya namna hiyo yanayofanya kazi za hisani yahamie kwa Msajili wa NGO.

Mzee Kitunda

Kwani mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri hamuioni? Asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na haina riba. Cheti cha kikundi mnacho tayari.

Mdau wa Temeke

Shikamoo mzee wangu. Ni kweli ilirudishwa 2024 baada ya kusimamishwa 2023. Ila huo ni mkopo, unarejeshwa. Hawa wanafundisha bure, marejesho watayatoa wapi? Wakija kuwa na upande wa biashara, hapo sawa.

Kalamu ya Mradi

Dada Neema, nimekaa miaka mingi kwenye meza za kupitia maandiko, na suala la huyo kaka nalizungumza bila kuficha: kataeni.

Asilimia 20 ya ruzuku haina kifungu cha kukaa kwenye bajeti. Wafadhili wengi hawalipii gharama iliyofanyika kabla ya mkataba, na ada inayotegemea ushindi wengi wanaikataza kabisa. Maana yake ili mumlipe, itabidi mtengeneze risiti za semina isiyokuwepo. Mkaguzi akija, aliyesaini ni wewe, yeye jina lake halimo popote. Mkihitaji msaada, mlipeni mtu kiasi kinachojulikana kwa kupitia rasimu, kutoka mifukoni mwenu, au ombeni mtu ajitolee. Andiko lenyewe liandikeni ninyi. Na mfadhili yeyote akiwaomba ada ya kujaza fomu, huyo ni jamaa yake yule wa "ile hela itume kwenye namba hii".

Kuhusu aplikesheni: mama anayeogopa kufungua ujumbe wa simu hahitaji aplikesheni mpya. Ubunifu wenu mnao na hamjauona. Mmegeuza utapeli wa mitandao ya simu kuwa somo la kwanza la darasa, mkafundisha kwa mifano ya mtaani na kwa Kiswahili cha watu wenyewe. Andikeni hilo. Elezeni mnafanyaje, nani anafundisha, mama anatoka darasani akiwa anaweza kufanya nini ambacho jana hakuweza. Mfadhili anasoma mamia ya kurasa za "kuwajengea uwezo wanajamii katika zama za kidijitali". Akikutana na mweka hazina wa kikoba wa Charambe, anaacha kupekua.

Jambo jingine la kufanya Jumamosi hii hii. Wapeni wanafunzi wapya zoezi dogo kabla ya kuwafundisha: aangalie salio mwenyewe, atafute namba, atofautishe ujumbe wa kweli na wa tapeli. Rekodini. Rudieni zoezi lile lile mwishoni mwa kozi. Mkiwa na daftari la namna hiyo, hata la watu wachache, mna ushahidi ambao mashirika makubwa hayana. Tangu USAID, shirika la misaada la Marekani, ilipofungwa 2025, ninayaona mashirika yenye magari na ofisi Masaki yakigombea ruzuku ndogo hizi hizi. Kwa ufasaha wa maandishi hamtawashinda. Kwa ukweli wa mtaa wenu mtawashinda.

Msomaji Asiyeona

Habari Neema. Mimi sioni, natumia kompyuta kila siku kazini, na uzi huu nimeusoma kwa masikio.

Wale ndugu wawili msiwaache. Pakueni programu ya NVDA, ni bure, inasoma kila kilichoandikwa kwenye skrini ya Windows. Ndani yake kuna kisoma maandishi kwa sauti kiitwacho eSpeak, chenye Kiswahili. Sauti yake ni kavu, masikio yanaizoea. Kwenye simu za Android kazi hiyo hiyo inafanywa na TalkBack, mara nyingi imo tayari, unaiwasha tu kwenye mipangilio. Kinachohitajika kununuliwa ni spika za masikioni, na muda: wiki za mwanzo mwanafunzi asiyeona anajifunza kibodi kwa vidole na hawezi kwenda kwa kasi ya wenzake.

Ninaomba jambo moja kwa moyo wote. Kila andiko la siku hizi lina sentensi ya "tutajumuisha watu wenye ulemavu", kisha kwenye bajeti hakuna hata senti inayotuhusu. Kama mnatuandika, wekeni nauli ya msindikizaji. Kutoka Kongowe hadi Charambe asiyeona anayeanza kujifunza njia hawezi kuja peke yake. Wekeni mkalimani wa lugha ya alama kama mna viziwi. Waulizeni hao wawili wanataka kujifunza nini, msiwachagulie. Kama hamtaweza, msituandike.

Mhasibu wa Uhuru

Naongezea hapo hapo kwenye bajeti.

Anzeni na siku moja ya darasa. Andikeni kila kinachotumika siku hiyo: umeme wa LUKU, bando, maji, nauli za wakufunzi, karatasi, marekebisho ya mashine. Zidisheni kwa siku za mwaka. Kisha ndipo mje kwenye vifaa. Vikundi vingi vinaanza na laptop ishirini na vinasahau kwamba lazima ziwe na kabati lenye kufuli, madirisha yenye nondo na mtu wa kuzisimamia.

Bei msikisie. Nendeni Kariakoo mkachukue profoma tatu (karatasi za bei kabla ya kununua) kwa kila kifaa kikubwa, kutoka kwa wauzaji wanaotoa risiti za EFD, zile za mashine ya kodi. Risiti ya kuandikwa kwa mkono mkaguzi ataiweka pembeni. Jilipeni wakufunzi posho ya kweli, isiwe kubwa wala isiwe sifuri. Mkiandika sifuri, mfadhili anajua mtachoka.

Mkataba ukizidi shilingi milioni 20, kanuni za NGO za 2018 zinataka uwasilishwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Shirika mlezi linapaswa kulijua hilo. Likishangaa mkilitaja, tafuteni jingine. Na daftari la mahudhurio lenye majina na namba za simu, pamoja na picha za akina mama, vinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ombeni ridhaa yao kwa maandishi kabla ya kutuma chochote kwa mfadhili.

Mwanaharakati Buza

Mimi sikubaliani na shirika mlezi. Kikundi chetu kilipitia kwa shirika moja, jina nalihifadhi. Fedha zilikaa kwao miezi, vifaa vikaandikwa mali yao, na kwenye ripoti darasa letu likaitwa tawi lao. Bora kusubiri mwaka, mjisajili, mkaguliwe, muombe kwa jina lenu.

Kalamu ya Mradi

Pole sana ndugu yangu, na yanatokea. Dawa yake ni makubaliano ya maandishi kabla ya kuomba: mlezi anakata asilimia ngapi ya uendeshaji, fedha zinatoka ndani ya siku ngapi zikiingia, vifaa ni mali ya nani mradi ukiisha, jina la nani linatangulia kwenye ripoti. Yasainiwe na pande zote na yaambatanishwe kwenye maombi ili mfadhili naye ayaone. Mlezi akikataa kusaini, hapo nakubaliana na wewe, wasubiri mwaka.

Neema wa Charambe

Asanteni sana wakuu. Huyo kaka tumeshamwambia hapana. Tumepata shirika moja la wanawake hapa Temeke, viongozi wake wamekubali kukaa nasi Jumanne kuhusu makubaliano, na mfadhili amejibu kwamba shirika mlezi linaruhusiwa. Kaka Msomaji, mmoja wa wale ndugu amesema anataka kujifunza kuandika barua za maombi ya kazi bila kumtegemea mtu. Tumeweka nauli ya msindikizaji.

Kilichobaki ni swali la fedha zikiisha. Tuandike nini? Kuwatoza akina mama hatutaki.

Mhasibu wa Uhuru

Msiwatoze hao. Angalieni wanaopita nje ya mlango: wahitimu wanaoomba kazi za serikali kwenye tovuti ya Ajira Portal, wanafunzi wanaoomba mkopo wa HESLB, watu wa kuchapa na kutoa nakala. Wote wanalipa kwenye stationery za barabarani. Printa moja na siku za kazi za katikati ya wiki zinaweza kubeba LUKU na bando la darasa la Jumamosi. Pigeni hesabu ya chini, msiahidi faida. Na mwombeni mwenyekiti wa mtaa barua inayosema chumba ni chenu kwa muda gani, maana bila chumba hesabu zote hizo zinaanguka.

Mkimaliza rasimu ya bajeti ilete hapa kabla ya Ijumaa, ficheni jina la kikundi. Nitaipitia mstari kwa mstari.