Naomba ushauri: sumaku kubwa na nguvu ya kusukumana

Habari za jioni wakuu. Nafundisha fizikia kidato cha pili hapa Mwanza, maeneo ya Igoma, na shule haina vifaa vya somo la sumaku. Kwa mafundi redio wa Makoroboi nimepata sumaku za duara zilizotolewa kwenye spika mbovu. Nimezivisha kwenye kijiti cha mwanzi, ncha zinazofanana zikitazamana. Ya juu inaelea vizuri, ukiibonyeza inaruka kama springi.

Sasa nataka ibebe vifuko vya chumvi vya gramu 50, wanafunzi wapime wenyewe. (Nati nimezikwepa kwa kuwa chuma kinavutwa.) Nikiongeza sumaku ya pili chini ya ile ya kwanza, nilitegemea mzigo uwe mara mbili, unaongezeka kidogo tu. Nikiweka pana zaidi chini, ya juu inayumba na kulalia upande mmoja wa kijiti. Tena kipande cha sumaku ya diski ya kompyuta, chembamba mno, kinasukuma kwa nguvu ajabu, kwa hiyo ukubwa peke yake sio kila kitu.

Naomba kuuliza: kwa sumaku za aina moja, kinachoongeza msukumo zaidi ni unene au upana wa uso? Na nikitaka kulinganisha kwa haki, nishikilie umbali uleule nipime uzito, au niache uzito uleule nipime umbali?

Kipindi ni wiki ijayo. Natanguliza shukrani.